Uwanja wa Kuanikia Karafuu: Saruji au Kichanja cha Mbao?

Ndugu wanachama, kila mchumo unapokaribia, maswali huwa mengi, na moja kati ya hayo ni hili: uani, nyuma ya nyumba, pana uwanja mtupu, je, tuumimine saruji, au tujenge vichanja vya mbao? Wengine husema saruji ndiyo ya kisasa, na mwenye sakafu ni mtu aliyekwisha kukamilika. Wengine husema wazee walianika juu ya majamvi na karafuu zao zikanuka dunia nzima. Kila upande una haki yake. Lakini fedha za mkulima ni chache, na saruji ikishamiminwa haiondoki. Kwa hiyo yafaa tulitazame jambo hili kwa utulivu, sehemu baada ya sehemu, kabla ya mtu kuita mwashi au seremala.

1. Kazi ya uwanja ni nini?

Kwanza tukumbuke kwa nini twaanika. Karafuu mbichi iliyochambuliwa makonyo yake imejaa maji. Kilo tatu mbichi, zikikauka sawasawa, hubaki kama kilo moja tu. Maana yake, theluthi mbili za mzigo ule ni maji yanayotakiwa kuondoka, na hayana budi kuondoka upesi. Jua likiwa zuri, kazi hii huchukua siku nne au tano. Mawingu yakizidi, huchukua juma zima na zaidi.

Karafuu iliyokaushwa vizuri huwa ya rangi ya hudhurungi, kikonyo chake kimekoza na kichwa chake kina rangi nyepesi kidogo. Ukiivunja kwa vidole hukatika kwa mlio. Ukizifumbata kiganjani na kukaza, huchoma. Lakini karafuu iliyolala na maji, au iliyorundikwa mbichi ikapata joto, huchacha. Hutoka imesinyaa, rangi yake ya kijivu au nyeupe-nyeupe, na harufu yake si ile ya karafuu. Hiyo hata ukiirudisha juani siku kumi haitengenei tena. Mnunuzi huijua kwa jicho tu, naye huishusha daraja au huikataa.

Tena kipimo cha kimataifa cha karafuu nzima ni kwamba unyevu wake usizidi asilimia 12. Basi uwanja mzuri ni ule unaosaidia mambo manne: jua lifike, hewa ipite, maji yasikae, na uchafu usiingie. Kila tutakalosema hapa chini tutalipima kwa mambo hayo manne.

2. Twahitaji uwanja mkubwa kiasi gani?

Watu wengi hujenga kwanza, kisha hesabu huja baadaye. Tufanye kinyume chake.

Karafuu mbichi zinatakiwa zitandazwe nyembamba, unene wa vidole viwili vilivyolazwa, yaani kama sentimita 3. Katika mita moja ya mraba, unene huo ni lita 30. Debe letu ni lita 20. Kwa hiyo mita mbili za mraba zinachukua madebe matatu.

Sasa tuseme mwanachama ana uwanja wa mita 10 kwa mita 6, yaani mita 60 za mraba. Uwanja huo unachukua madebe 90. Mtu akisikia madebe 90 hufurahi, lakini asisahau kwamba karafuu za leo zitakaa uwanjani siku tano, na kesho wachumaji wataleta nyingine. Gawa 90 kwa 5, utapata madebe 18 kwa siku. Huo ndio uwezo wa uwanja ule katika jua zuri. Siku za mawingu, gawa kwa 8 au 9, nao uwezo hushuka hadi madebe 10 hivi.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza mbao au saruji, jiulize: siku ya mchumo mkubwa kabisa, madebe mangapi huingia uani kwangu baada ya kuchambuliwa? Anayepata madebe manne kwa siku, mita 60 ni nyingi mno kwake. Anayepata madebe 30, mita 60 hazimtoshi, na karafuu zake zitarundikana, na kurundikana ndiko kuchacha.

3. Sakafu ya saruji: wema wake

Sakafu ni ngumu, huoshwa ikatakata, na haili mchwa. Kuku na mbuzi wakizuiwa, uchafu wake ni mdogo. Karafuu huweza kugeuzwa kwa reki ya mbao kwa urahisi, na mvua ikitisha, watu wawili wenye mbao pana husukuma mzigo wote ukawa chungu moja kwa dakika chache. Jua la mchana huipasha moto, na joto lile hubaki hata saa za alasiri.

Faida nyingine ni kwamba msimu wa karafuu ukipita, sakafu haikai bure. Huanikwa mbata, mpunga na pilipili. Jioni watu hutandika mkeka wakapunga upepo. Siku ya harusi au khitma, wageni hupata pa kukaa. Kwa nyumba yenye watu wengi, faida hii si ndogo, na ndiyo inayowavuta wengi.

4. Sakafu ya saruji: aibu zake

Hewa haipiti chini yake. Karafuu za juu hukauka na za chini hubaki na unyevu, au mchana wa jua kali za chini huungua kwa joto la sakafu na za juu bado. Kwa hiyo sakafu yataka mtu wa kugeuza mara kwa mara, karibu kila saa siku ya kwanza na ya pili. Nyumba isiyo na mikono ya kutosha itaona taabu.

Pili, sakafu isiyozuiwa chini hunyonya unyevu wa ardhi. Mtu huiona kavu juu, kumbe usiku inapumua maji. Kuna njia nyepesi ya kuijaribu: chukua kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, kitandaze juu ya sakafu, ukizibe kingo zake zote kwa utepe wa kunata, ukiache usiku kucha. Asubuhi ukifunua ukaona matone upande wa chini, unyevu unapanda. Sakafu hiyo isiwekwe karafuu bila jamvi chini yake.

Tatu, maji ya mvua. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya mita 60 za mraba, ni lita 3,000, yaani madebe 150 ya maji. Zamani maji hayo yalinywewa na udongo. Sasa yatakwenda wapi? Yakielekea msingi wa nyumba, yatauchimba. Yakielekea kwa jirani, yatachimba ujirani. Afadhali kuyafikiria mapema na kuyapeleka kwenye mfereji au birika, kuliko kuyafikiria mbele ya sheha.

Nne, mgongo. Anayeanika sakafuni huinama kutwa. Katika nyumba zetu nyingi, kuchambua, kuanika na kuanua ni kazi ya kina mama na wazee. Yafaa waulizwe kabla mifuko ya saruji haijanunuliwa, kwani wao ndio watakaoutumikia uwanja ule.

5. Ukiamua kumimina

Chagua mahali penye jua tangu asubuhi hadi jioni, mbali na kivuli cha mwembe au mfenesi, mbali na moshi wa jiko, na mbali na choo na banda la mbuzi. Karafuu hunyonya harufu. Ikishanuka moshi hakuna dawa. Wala usimimine karibu na shina la mkarafuu. Mizizi yake mingi iko juu juu, na ukiifunika na kuikanyagia, unauza mti ili upate sakafu.

Toa udongo laini wa juu, jaza kifusi cha mawe na ushindilie hasa. Juu yake tandaza nailoni nzito ili kuzuia unyevu. Kwa uwanja unaokanyagwa na watu tu, unene wa sentimita 7 na nusu watosha ikiwa chini pameshindiliwa vyema. Gari likitarajiwa kuingia, unene usipungue sentimita 10.

Mchanganyiko unaofaa ni saruji kipimo 1, mchanga vipimo 2, kokoto vipimo 4. Kwa uwanja wetu wa mita 60 za mraba na unene wa sentimita 7 na nusu, itahitajika mifuko kama 30 ya kilo 50, mchanga kama mita 2 za ujazo, na kokoto kama mita 4 za ujazo. Tunaandika hesabu hii ili mwanachama aweze kuhesabu mifuko yake mwenyewe inapofunguliwa. Mifuko 30 ikifanywa 20, sakafu itapendeza siku ya kwanza, lakini mwaka wa pili itatoa vumbi, na vumbi lile litaingia katika karafuu. Ukisugua kiganja juu ya sakafu iliyokwisha kukomaa, kisitoke cheupe.

Mchanga wa pwani usitumiwe. Una chumvi inayovuta unyevu na kuozesha chuma, na kuuzoa ufukweni ni kuipa bahari njia ya kuila nchi kavu. Maji ya kuchanganyia yawe matamu na yasizidi. Mwashi anayependa uji mwepesi anajirahisishia kazi kwa gharama yako.

Uwanja ugawanywe vipande vya mita tatu kwa mita mbili au tatu, vimiminwe kimoja baada ya kukiruka kimoja, ili saruji ikisinyaa ipasuke kwenye maungio na si katikati. Upe mgongo katikati na mteremko pande mbili: katika upana wa mita 6, kila upande wa mita 3 ushuke sentimita 5. Hapo maji hayatasimama, na karafuu hazitateleza. Uso wake upigwe mwiko ukawa laini, ili karafuu zisinase katika vitundu.

Kisha sakafu inyweshwe maji siku 7 mfululizo, ifunikwe magunia yaliyoloweshwa au majani ya migomba ili jua lisiikaushe kwa ghafla. Baada ya siku 28 huwa imekomaa. Kwa hiyo anayeanza kumimina wakati vikonyo vimekwisha kuiva amechelewa. Hana budi kungoja msimu wa pili au aanike penginepo.

6. Kichanja cha mbao: wema wake

Kichanja ni kitanda kirefu kilichoinuliwa juu ya nguzo, chaga zake zikiwa na nafasi ya kidole kati ya moja na nyingine, na juu yake hutandikwa jamvi. Hewa hupita juu na chini. Unyevu wa ardhi haufiki. Kuku na mbuzi hawafiki. Karafuu hukauka kwa usawa zaidi, nazo hazihitaji kugeuzwa mara nyingi kama zilizo sakafuni, ingawa kugeuza kupo.

Tena anayefanya kazi husimama wima. Kichanja kiwe na kimo cha kiuno, upana wa mita moja na nusu, ili mtu akisimama upande mmoja na mwenzake upande wa pili, mikono yao ikutane katikati. Urefu ni kwa kadiri ya uwanja. Kichanja cha mita 10 kwa mita moja na nusu ni mita 15 za mraba. Vinne vyake ni sawasawa na sakafu yetu ya mita 60, ila yatakiwa nafasi ya kupita katikati yao, kwa hiyo uwanja wenyewe utahitaji kuwa mkubwa zaidi.

Mvua ikija, jamvi hukunjwa na karafuu zake zikapelekwa barazani. Watu wawili hubeba jamvi moja. Hii ndiyo sababu wazee walilipenda jamvi: chombo cha kuanikia na chombo cha kuanulia ni kimoja.

Na faida kubwa kwa asiye na fedha nyingi ni kwamba kichanja huanza na kimoja. Mwaka huu hujengwa kimoja, mwaka ujao cha pili. Saruji hailegezi hivyo.

7. Kichanja cha mbao: aibu zake

Adui zake ni watatu: mchwa, fukusi na maji. Nguzo iliyochimbiwa ardhini huoza pale pale inapokutana udongo na hewa, na mchwa huingia kutokea chini usimwone. Basi nguzo zisichimbiwe. Ziwekwe juu ya jiwe au tofali la saruji lililoinuka juu ya ardhi, zikafungwa kwa kipande cha chuma. Mchwa akitaka kupanda, hana budi kujenga njia yake ya udongo juu ya jiwe, nawe utaiona na kuifagia. Fanya ukaguzi huo kila mwezi, ni kazi ya dakika tano.

Misumari iwe ya mabati isiyoshika kutu, kwani hewa yetu ya bahari hula chuma cha kawaida kwa haraka. Watoto wasiruhusiwe kupanda juu. Na mwisho wa msimu chaga zifagiliwe, zikaushwe, na zile zinazofunguka ziwekwe chini ya paa.

Kuhusu mbao, boriti za mikoko ni imara, lakini mikoko ndiyo ukuta wa pwani yetu na mazalio ya samaki. Haikatwi ovyo, na anayeitaka lazima afuate kibali cha idara ya misitu. Mnazi mkongwe uliokwisha kuacha kuzaa hutoa nguzo na mbao nzuri. Ila utumie sehemu ya nje iliyo ngumu na nyeusi-nyeusi, na uache moyo wake ulio laini, kwa kuwa huoza upesi. Kwa chaga, mianzi iliyokauka yafaa, nayo ni rahisi kubadilisha.

8. Harufu na sumu

Hapa tunaomba kila msomaji asimame kidogo. Ili kumzuia mchwa, wako wanaopaka mbao oili chafu ya injini. Wako wanaopaka lami, na wako wanaonunua mbao zilizotiwa dawa bila ya kuuliza ni dawa gani. Kwa ua wa bustani huenda isidhuru sana. Kwa kichanja cha karafuu ni hatari. Dawa nyingine za mbao zina sumu kali ndani yake, na oili chafu ina uchafu mwingi wa injini. Jua likiwaka, harufu hupanda, karafuu huinyonya, nayo mafuta yake huishika. Karafuu ni chakula na ni dawa. Huishia katika pilau la mtu, na katika kinywa cha mwenye kuumwa jino. Mbao za kichanja ziachwe zilivyo, zikilindwa kwa mawe chini na jicho la mwenyewe juu.

Hali kadhalika sakafu. Palipotengenezwa pikipiki au kumwagika mafuta ya taa, pasianikwe. Palipoanikwa dagaa au pweza, paoshwe na kupigwa jua siku kadhaa kwanza. Na barabara ya lami, hata ikiwa tupu na yenye moto mzuri, si uwanja wa kuanikia: ina oili, ina vumbi la matairi, na ina magari. Tusimweke mtoto akilinda karafuu kandokando ya gari.

9. Mvua na umande havichagui

Saruji na mbao zote hushindwa na mambo mawili yale yale. Mchumo wetu mara nyingi hukutana na mvua za vuli, na usiku kuna umande. Kwa hiyo turubai ni la lazima kwa wote wawili, na karafuu zianuliwe kabla jua halijatua.

Ila kuna namna ya kuanua. Karafuu zilizotoka kwenye sakafu yenye moto zisirundikwe na kufunikwa nailoni papo hapo. Zitatoa jasho, na asubuhi utazikuta zimelowa kama zilizonyeshewa. Ziache zipoe kidogo, zifunike kwa jamvi kwanza, kisha turubai juu ya jamvi. Na karafuu za siku mbalimbali zisichanganywe. Za leo ni mbichi na za juzi zimekaribia kukauka. Ukizichanganya, mbichi zitazirudishia kavu maji, nawe utakuwa umepoteza siku tatu kwa usiku mmoja.

10. Ardhi ni ya nani?

Jambo hili husahauliwa, na ndilo linaloleta ugomvi mkubwa. Wanachama wetu hawana hali moja. Wengine wana mashamba ya urithi yanayomilikiwa na ndugu wengi. Wengine wana eka tatu zilizogawiwa na Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964. Wengine hukodi mikarafuu kwa msimu mmoja tu, kisha huondoka.

Anayekodi mikarafuu kwa msimu asimimine saruji katika uwanja usio wake. Atamjengea mwingine. Vichanja vya kufunguka na majamvi ndivyo vinavyomfaa, kwani mwisho wa msimu huvipakia katika gari akaenda navyo. Mwenye eka tatu aulize kwanza ofisi inayohusika ni ujenzi gani unaoruhusiwa. Na wenye shamba la urithi wakae pamoja, wakubaliane na kuandika: nani ametoa mifuko mingapi, na nani ataanika siku gani. Sakafu moja yenye ndugu sita na bila maandishi ni kesi inayosubiri mvua ya kwanza.

Majirani nao huweza kujenga sakafu moja ya shirika. Ni jambo jema, maana gharama hugawanyika. Lakini zamu zipangwe kabla ya mchumo, si wakati karafuu za watu wote zimekwisha kufika uwanjani na wingu limetanda.

11. Hukumu yetu

Baada ya kupima pande zote, twasema hivi.

Ikiwa huna chochote bado, usianze na saruji wala mbao. Anza na majamvi mazuri ya kutosha na turubai moja kubwa lisilotoboka. Vitu hivyo vitakufaa juu ya uwanja wowote utakaoujenga baadaye.

Ikiwa mchumo wako ni mdogo, madebe matano au sita kwa siku, au ardhi si yako, au nyumbani hakuna mikono mingi ya kugeuza, kichanja ndicho chako. Vichanja viwili vya mita 10 vina mita 30 za mraba na huchukua madebe 9 kwa siku katika jua zuri, nawe utabakiwa na nafasi kwa siku za mawingu.

Ikiwa mchumo wako ni mkubwa, ardhi ni yako bila ya shaka, maji ya mvua yana pa kwenda, na fedha za kununua mifuko yote 30 unazo mkononi, basi mimina sakafu, uimimine vizuri, na bado utandike majamvi juu yake. Lakini usikope kwa kutumainia karafuu zilizo bado mtini. Mkarafuu hauzai sawa kila mwaka. Mwaka wa neema hufuatwa aghalabu na mwaka wa uhaba, na deni halijui mwaka wa uhaba.

Na mwenye nafasi ya kati aweza kuchanganya: sakafu ndogo karibu na baraza kwa kuchambulia na kwa kukamilishia karafuu za siku ya mwisho, na vichanja mbele yake kwa zile mbichi. Kwa maoni yetu mpango huu huzifaa nyumba nyingi, kwa sababu kila kitu hufanya kazi ile inayokiweza.

Karafuu zetu zote huishia katika mizani ya Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar. Pale hakuna anayeulizwa alianika juu ya nini. Hutazamwa karafuu yenyewe: ukavu wake, rangi yake, makonyo na mpeta uliochanganyika nayo, na takataka. Daraja linalopatikana pale huwa limekwisha kuamuliwa siku nyingi kabla, uani, na yule aliyekumbuka kugeuza na aliyekumbuka kuanua.

Maswali ya kujipima

1. Uwanja wa mita 8 kwa mita 5 unachukua madebe mangapi kwa unene wa sentimita 3? Katika jua la siku tano, ni madebe mangapi kwa kila siku?
2. Utajuaje kwamba sakafu inapandisha unyevu kutoka ardhini?
3. Kwa nini nguzo za kichanja ziwekwe juu ya jiwe na zisichimbiwe?
4. Eleza kwa nini oili chafu haifai kupakwa kwenye mbao za kichanja.
5. Mwanachama amekodi mikarafuu kwa msimu mmoja. Utamshauri nini, na kwa sababu gani?

Majibu ya swali la kwanza: madebe 60 kwa jumla, na madebe 12 kwa kila siku. Mengine msomaji atayapata akirudia somo hili, au bora zaidi, akilisoma kwa sauti mbele ya wale wanaoanika karafuu zake.

Twawatakieni nyote jua jema na mavuno mema.